Kumbukumbu ya Sauti ya Gitaa: Kutoka Mitindo ya Bendi za Dansi hadi Priseti za Amplifaya ya Kidijitali, kwa Mtazamo wa Majimoto, Katavi

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna wapiga gitaa nchini Tanzania walivyohifadhi, walivyopanga na walivyorithishana sauti ya ala yao, tangu enzi za bendi za dansi zilizomilikiwa na taasisi hadi enzi hizi za amplifaya zenye kumbukumbu ya kidijitali. Hoja yake kuu ni kwamba upangaji wa sauti zilizohifadhiwa katika amplifaya ni suala la umiliki wa kumbukumbu kabla haujawa suala la ufundi. Katika bendi za dansi, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, lakini sauti iliondoka na wapigaji walipohama. Amplifaya ya kidijitali imegeuza uhusiano huo: mpigaji huhama, sauti yake hubaki ndani ya chombo, na yeyote anayekishika anaweza kuifuta. Insha inahitimisha kwa kupendekeza kwamba priseti ichukuliwe kuwa hati ya kihistoria, na kwamba kikundi kinachoitumia kiwe na kanuni za kuipa jina, kuipanga na kuitunza.

1.0 Utangulizi

Kata ya Majimoto ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Jina lake limetokana na chemchemi za maji ya moto zilizopo hapo. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Kwa mtafiti wa historia ya muziki, eneo hili lina sifa moja ya msingi: lipo mbali na Dar es Salaam, mahali palipokuwa na studio, redio na kumbi kubwa, na hivyo vyombo vya muziki hufika vichache na hutumiwa na wengi.

Wazo la insha hii lilizaliwa katika mazingira hayo. Mwandishi alipokuwa Majimoto, alialikwa kupiga gitaa katika kikundi kilichokuwa na amplifaya moja ya kidijitali. Mpigaji aliyemtangulia alikuwa amehamia Mpanda. Kabla ya kuondoka, alikuwa ametengeneza na kuhifadhi ndani ya chombo hicho sauti chache ambazo kikundi kilizitumia katika nyimbo zake zote. Katika mazoezi ya pili, mwandishi alirekebisha besi na mwangwi kwa kadiri ya gitaa lake, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Hakujua kwamba alikuwa akihifadhi juu ya sauti ya mtangulizi wake. Wenzake waliitambua hasara hiyo mara wimbo ulipoanza. Hakuna aliyekuwa ameandika vipimo vya sauti ile mahali popote. Kilichosalia kilikuwa rekodi moja ndani ya simu, na mtangulizi alipopigiwa akajibu kwamba alikuwa ameitafuta sauti hiyo kwa sikio, wala hakumbuki namba zake.

Tukio hilo ni dogo, lakini linaibua maswali matatu yanayoongoza mjadala huu. Kwanza, kabla ya mashine kuwa na kumbukumbu, sauti ya gitaa la bendi ilitunzwa wapi? Pili, ni mabadiliko gani yaliyotokea pale kumbukumbu hiyo ilipohamishiwa ndani ya chombo? Tatu, kikundi kifanye nini ili kumbukumbu hiyo isipotee?

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Istilahi priseti inatumika katika insha hii kwa maana ya mpangilio kamili wa sauti uliowekwa akiba ndani ya chombo cha kielektroniki, ili uweze kuitwa tena kwa kubonyeza kitufe au kukanyaga swichi. Katika amplifaya ya kidijitali ya gitaa, mpangilio huo huwa na sehemu nne. Ya kwanza ni kielelezo cha amplifaya inayoigwa. Ya pili ni vipimo vya msukumo wa sauti, besi, sauti ya kati, trebo na kiwango cha jumla. Ya tatu ni athari zilizoongezwa, kama vile mwangwi, eko na mtetemo. Ya nne ni mfuatano wa athari hizo, kwa sababu eko iliyotangulia mkwaruzo haitoi sauti sawa na eko iliyoufuata. Kila kipimo huhifadhiwa kama namba, na namba zote kwa pamoja huwekwa katika nafasi yenye namba au jina. Nafasi kadhaa zikikusanywa pamoja huitwa benki.

Ni muhimu kusisitiza kwamba priseti ni maelekezo ya kutengeneza sauti. Sauti yenyewe ni jambo jingine. Haina ndani yake gitaa lililotumika, nyuzi zake, mkono wa mpigaji, wala ukubwa wa ukumbi. Priseti ileile ikichezwa kwa gitaa lenye sumaku kali zaidi hutoa mkwaruzo pale ambapo palikuwa na sauti safi. Tofauti hii kati ya maelekezo na tokeo itarejelewa katika sehemu ya tano, kwani ndiyo inayoonyesha thamani na mipaka ya priseti kama ushahidi wa kihistoria.

3.0 Sauti Kabla ya Kumbukumbu ya Mashine

3.1 Mgawanyo wa Magitaa

Bendi ya dansi ya Tanzania, kama ilivyokuwa bendi ya rumba ya Kongo iliyoathiriana nayo, ilijengwa juu ya magitaa yanayojibizana. Gitaa la solo lilibeba kiitikio cha juu, gitaa la rithimu lilishika mwendo, gitaa la besi lilijenga msingi, na katika bendi nyingi gitaa la ziada, yaani solo la pili, lilijaza nafasi iliyobaki kati ya solo na rithimu. Kongo walifika mbali zaidi katika jambo hili kwa kubuni gitaa liitwalo mi-solo, ambalo uzi wake wa nne hubadilishwa kwa uzi mwembamba unaopanda oktava moja, ili gitaa la kati lisizame ndani ya mengine.

Mfano huo unaonyesha kwamba sauti ya gitaa katika muziki huu ilifuata wajibu. Mpigaji wa rithimu hakutafuta sauti nzuri kwa ujumla wake. Alitafuta sauti ambayo haitamfunika mpigaji wa solo. Trebo ikipanda kidogo kwa mmoja, mwingine alilazimika kushuka. Mipangilio ya amplifaya, kwa hiyo, ilikuwa makubaliano ya kundi zima, na makubaliano hayo yalifanywa upya kila usiku kwa masikio ya wote waliokuwa jukwaani.

3.2 Mtindo kama Jina la Sauti

Makubaliano hayo yalipewa jina: mtindo. Western Jazz ilijulikana kwa mtindo wa Saboso, Atomic Jazz ya Tanga kwa Kiweke, Tabora Jazz kwa Segere Matata, na Vijana Jazz, katika kipindi chake cha baadaye, kwa Pambamoto. NUTA Jazz ilikuwa na Msondo na Mlimani Park ikawa na Sikinde, majina mawili yaliyotokana na ngoma. Mtindo ulibeba mambo mengi kwa pamoja: mapigo, uchezaji, namna ya kuingia kwa solo baada ya ubeti, na pia rangi ya sauti ambayo shabiki aliitambua redioni kabla mtangazaji hajataja bendi.

Kwa mtazamo wa insha hii, mtindo ulifanya kazi mbili ambazo leo zinatarajiwa kufanywa na priseti: kutambulisha sauti na kuiita tena. Kiongozi wa bendi alipotaja jina la mtindo, kila mpigaji alijua aende wapi. Hata hivyo, mtindo haukuandikwa. Uliishi katika vichwa na vidole vya watu kadhaa kwa wakati mmoja, na mmoja akisahau, mwenzake alimkumbusha.

3.3 Vyombo vya Mwajiri, Sauti ya Wapigaji, 1964–1985

Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa ziliwekwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Katika mfumo huo, taasisi ilinunua magitaa, amplifaya na spika, na wapigaji walikuwa waajiriwa wake. Uhaba wa fedha za kigeni katika miaka ya 1970 na 1980 uliufanya mfumo huo uwe na nguvu zaidi, kwani mwanamuziki mmoja mmoja hakuweza kwa urahisi kuagiza amplifaya kutoka nje. Perullo (2011), katika utafiti wake wa uchumi wa muziki nchini, ameonyesha uzito wa suala la umiliki katika historia hii.

Mwaka 1978 ulipima nguvu ya mfumo huo. Wanamuziki kadhaa wa iliyokuwa NUTA Jazz, wakati huo ikiitwa JUWATA Jazz, akiwemo mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, walijiunga na bendi mpya ya Mlimani Park. Bendi hiyo ilianza chini ya kampuni ya Tanzania Transport and Taxi Services, na kuanzia mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mwaka 1985 Gurumo na Balthazar walihama tena, safari hii kwenda International Orchestra Safari Sound, iliyopiga mtindo wa Ndekule.

Katika kila uhamisho wa namna hiyo, mwajiri wa zamani alibaki na amplifaya, na mwajiri mpya alipata sauti. Chombo kilichoachwa hakikuwa na siri yoyote ndani yake: vitufe vya kuzungusha vilibaki pale mkono wa mwisho ulipoviacha, na mgeni aliyefuata alivizungusha apendavyo. Kumbukumbu ilikuwa na miguu. Hali hii iliwapa wapigaji nguvu ya kujadiliana na waajiri, kwani kilichokuwa adimu kuliko amplifaya kilikuwa mtu aliyejua kuitumia.

Nje ya vichwa vya wapigaji, hazina pekee kubwa ilikuwa kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilizorekodiwa kwa ajili ya matangazo. Kanda hizo ndizo zinazotuwezesha leo kuzijadili sauti za miaka hiyo. Hata hivyo, kanda hubeba tokeo bila maelekezo. Inatusikilizisha solo pamoja na chumba, maikrofoni na mkono wa fundi mitambo. Haituambii trebo ilikuwa wapi.

4.0 Mashine Yaanza Kukumbuka

Mwaka huohuo wa 1978, katika jimbo la California nchini Marekani, kampuni ya Sequential Circuits iliyoanzishwa na Dave Smith ilitoa kinanda cha kielektroniki kiitwacho Prophet-5. Kinanda hicho kilitumia kichakata kidogo cha kompyuta kuhifadhi mipangilio yote ya vitufe vyake katika nafasi 40. Mpigaji aliyepata sauti aliyoitaka hakulazimika tena kuchora michoro ya vitufe kwenye karatasi. Alihifadhi, kisha akaita. Matukio haya mawili ya mwaka 1978 hayana uhusiano wa moja kwa moja, lakini yakiwekwa pamoja yanaonyesha njia mbili tofauti za kutunza sauti: moja ndani ya watu wanaohama, nyingine ndani ya chombo kinachobaki.

Njia ya pili ilienea haraka. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa kinanda cha DX7 chenye nafasi 32 za ndani, na mwaka huohuo kanuni ya mawasiliano ya vyombo iitwayo MIDI ikaanza kutumika. Ndani ya kanuni hiyo kuna amri ya kubadili programu, yenye namba 128, ambayo huwezesha chombo kimoja kukiamuru kingine kibadili sauti. Kwa upande wa gitaa, hatua iliyowafikia wapigaji wengi ilikuja mwaka 1998, pale kampuni ya Line 6 ilipotoa POD, kifaa kidogo kilichoiga amplifaya za aina mbalimbali na kuhifadhi mipangilio 36 katika benki 9 za nafasi 4. Mwaka 2010 Fender ilitoa amplifaya za Mustang. Zile ndogo za mwanzo zilikuwa na nafasi 24, zilizogawanywa katika makundi matatu yanayotambulishwa kwa rangi ya taa.

Historia ya Mustang ina funzo jingine. Amplifaya hizo ziliunganishwa na kompyuta kupitia programu iitwayo FUSE, ambayo mtumiaji aliweza kuitumia kuhifadhi priseti nje ya chombo na kuwapa wengine. Baadaye kampuni ilihamia programu nyingine kwa ajili ya amplifaya zake mpya, na FUSE haikuendelezwa tena. Aliyekuwa na amplifaya nzima, inayolia vizuri, alijikuta akitegemea programu iliyoachwa. Kwa hiyo, kumbukumbu iliyotoka kwa mpigaji kwenda kwenye chombo ilipiga hatua nyingine na kuingia, kwa sehemu, mikononi mwa mtengenezaji.

5.0 Majadiliano: Kupanga ni Kuamua Nani Anamiliki

5.1 Uainishaji wa Kiwandani na Uainishaji wa Wajibu

Priseti za kiwandani huja zimekwishapangwa, na mpangilio huo una historia ndani yake. Vielelezo vyake huiga kwa sehemu kubwa amplifaya za Uingereza na Marekani, na nafasi nyingi hutengwa kwa ajili ya mkwaruzo mzito wa muziki wa roki. Mpigaji wa dansi, au wa kwaya inayofuata mapigo ya dansi, huhitaji kinyume chake: sauti safi nyingi zinazotofautiana kidogo tu. Akifuata uainishaji wa kiwandani, atakuwa na nafasi nyingi asizozigusa na mbili au tatu anazozigombania kwa nyimbo zote.

Historia iliyoelezwa katika sehemu ya 3.1 inapendekeza uainishaji mwingine, yaani kupanga kwa wajibu. Benki ya kwanza iwe ya solo, ya pili ya rithimu, ya tatu ya solo la pili. Ndani ya kila benki, nafasi zifuate mpangilio uleule: ya kwanza sauti ya kawaida ya kusindikiza, ya pili yenye sauti ya juu kidogo kwa ajili ya kujitokeza, ya tatu yenye mwangwi kwa nyimbo za taratibu. Faida yake ni kwamba mguu hujifunza mara moja: nafasi ya pili humaanisha kujitokeza katika kila benki. Kupanga kwa majina ya nyimbo huonekana rahisi mwanzoni, lakini nyimbo huongezeka, nafasi hazitoshi, na sauti moja hurudiwa mara nyingi kwa majina tofauti hadi hakuna anayejua ipi ndiyo asili.

5.2 Jina, Kiwango na Nakala

Jina la priseti lieleze kazi, si hisia wala jina la mtu. "Solo safi juu" litaeleweka na mpigaji atakayekuja baada ya miaka mitano. Jina la utani la aliyeitengeneza halitaeleweka. Hapa mtindo na priseti vinatofautiana. Mtindo uliweza kuitwa Sikinde kwa sababu watu waliojua maana yake walikuwepo. Priseti husomwa na mgeni.

Kiwango cha sauti kisawazishwe katika kipimo cha ukumbi. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la binadamu husikia besi kwa udhaifu zaidi sauti inapokuwa ndogo. Mpigaji anayetengeneza priseti nyumbani usiku, kwa sauti ya chini, huongeza besi ili aridhike. Akifika ukumbini na kupandisha sauti, besi hiyo humfunika mwenye gitaa la besi. Wapigaji wa zamani hawakukabiliwa na tatizo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu waliitafuta sauti palepale jukwaani.

Hatimaye, nakala. Kurejesha chombo katika hali ya kiwandani kunaweza kufuta kazi yote ya mpigaji, na kuhifadhi juu ya sauti ya mwingine, kama ilivyotokea Majimoto, hakuachi alama yoyote kwamba palikuwa na kitu. Kwa hiyo kila priseti inayotumiwa na kikundi ihifadhiwe mara tatu. Nakala ya kwanza iwe katika benki ya mwisho isiyoguswa. Ya pili iwe faili katika kompyuta au simu, pale chombo kinaporuhusu. Ya tatu iandikwe katika daftari: namba ya nafasi, jina, vipimo vyote, tarehe, jina la aliyetengeneza na gitaa alilotumia. Daftari ndilo pekee lisilotegemea mtengenezaji. Nalo liambatane na rekodi fupi ya sauti hiyo ikichezwa, kwa sababu kanda ni tokeo bila maelekezo na priseti ni maelekezo bila tokeo. Kila moja peke yake ni ushahidi nusu.

5.3 Haki ya Kubonyeza

Swali la mwisho ni la mamlaka. Katika bendi ya taasisi, ilijulikana nani mwenye chombo na nani mwenye sauti, hata kama wawili hao waligombana. Katika kikundi cha leo, umiliki huo umechanganyika ndani ya kisanduku kimoja. Mpigaji anayehama huacha kazi yake bila malipo na bila jina. Anayebaki huirithi bila kujua thamani yake. Insha hii inapendekeza kanuni mbili zinazokamilishana. Anayehama ana haki ya kuondoka na nakala ya sauti alizozitengeneza. Kikundi nacho kina haki ya kubaki na nakala, pamoja na wajibu wa kutunza jina lake. Kubadilisha sauti kwa usiku mmoja kuwe huru kwa kila mpigaji. Kuhifadhi kuwe kwa ridhaa ya kundi.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba bendi za dansi zilikuwa na mfumo wao wa kuhifadhi sauti, ulioitwa mtindo, uliotegemea watu wengi wanaosikilizana. Mfumo huo ulikuwa na udhaifu wa kuhama pamoja na watu, lakini haukuweza kufutwa kwa kidole kimoja. Amplifaya ya kidijitali imeleta usahihi ambao wapigaji wa mwaka 1978 wasingeuota, na pamoja nao imeleta usahaulifu wa aina mpya. Watafiti wa muziki wanapokusanya kanda na picha za bendi za leo, wakusanye pia faili na madaftari ya priseti, kwani vifaa hivi hubadilishwa haraka na kumbukumbu zake hazina mlinzi.

Huko Majimoto, kikundi kilichotajwa mwanzoni kiliitengeneza upya sauti iliyopotea kwa kusikiliza rekodi ile ya simu jioni tatu mfululizo, kila mmoja akitoa maoni yake: shusha trebo, punguza mwangwi, hapo sasa umekaribia. Haikuwa ileile, na wote walikubali kwamba haikuwa ileile. Lakini safari hii vipimo viliandikwa katika daftari, na ukurasa wa kwanza una jina la aliyeitengeneza sauti ya awali, kisha la aliyeifuta, kisha la kikundi kilichoirejesha.